Wami wa Vilima: Vita, Ardhi na Mapatano ya Zamani katika Nchi ya Beni na Butembo

Jumapili moja, baada ya Misa ya pili, tuliwakuta vijana watano wamekaa juu ya ukuta wa uwanja wa parokia mjini Butembo, vichwa vyao vimeinamia simu moja. Hawakutuona tulipokaribia. Tukasimama nyuma yao, tukatazama. Kwenye kioo cha simu palikuwa na ramani ya nchi za kale za Ulaya, na yule mwenye simu ndiye aliyekuwa mfalme. Alimwoza binti yake kwa mfalme jirani ili asishambuliwe upande wa kaskazini. Alimpa mtumishi mmoja ngome na mashamba, akamnyang'anya mwingine. Kisha, alipojiona ana nguvu, akavunja mapatano na yule yule aliyemwoza binti. Haikupita nusu saa, watumishi wake wote wakamwasi, ufalme ukaanguka. Kijana akacheka, akaanza upya.

Mmoja wao alipotuona alisimama kwa heshima akasema, "Mzee, huu ni mchezo wa mambo ya Wazungu wa zamani. Huku kwetu mambo ya namna hii hayakuwako."

Hatukumkemea, maana hakuna aliyemfundisha. Tulimwambia tu, "Kijana wetu, mchezo huu ulichezwa hapa hapa, juu ya vilima unavyoviona na katika bonde lililo nyuma yake. Lakini waliocheza hawakuweza kuanza upya." Tena tukamwahidi kwamba tutaandika habari hiyo. Basi, wasomaji wapenzi, leo twalipa deni, kwa kuwa ahadi ni deni.

UTAWALA WA ARDHI KATIKA ULAYA YA KALE

Kwanza yafaa tuelewe mchezo wa vijana wale unasimulia nini. Katika Ulaya ya kale, yaani tangu miaka ya 900 hivi hata miaka ya 1300, mfalme hakuwa na fedha nyingi za kulipa askari wa kila siku. Mali yake kubwa ilikuwa ardhi. Basi alimwita mtu hodari. Yule mtu akapiga magoti, akaweka mikono yake miwili kati ya mikono ya bwana wake, akaapa kuwa mtu wake. Bwana akampa nchi, pamoja na wakulima waliokaa juu yake. Naye, kwa kuwa amepewa nchi, alikuwa na wajibu wa kuja vitani na wapanda farasi wake, mara nyingi kwa siku arobaini katika mwaka. Yeye naye aliwagawia wadogo wake sehemu za nchi ile kwa kiapo cha namna hiyo hiyo. Waswahili wameuita utaratibu huo ukabaila.

Msidhani utaratibu huo ulikuwa mwepesi. Mwaka 1066 William, mtawala wa Normandy, alivuka bahari akaishinda Uingereza, akawagawia wenzake mashamba ya walioshindwa. Mwaka 1086 aliamuru mashamba yote yaandikwe kitabuni, apate kujua nani ana nini na anadaiwa nini. Lakini mtu huyu, aliyekuwa mfalme upande huu wa bahari, upande wa pili alikuwa bado mtu wa mfalme wa Ufaransa kwa ajili ya nchi yake ya Normandy. Je, mtu aliye mfalme na mtumishi kwa wakati mmoja atii vipi? Kwa swali hilo wafalme wa Ufaransa na wa Uingereza walipigana, wao na watoto wao na wajukuu wao, kwa miaka mingi sana.

Kumbe shina la jambo ni hili: ardhi, kiapo, na mtu anayevunja kiapo. Mambo hayo matatu hayakosekani mahali popote wanapokaa watu.

NCHI YENYE SAKAFU MBILI

Sasa turudi nyumbani. Anayesimama kwenye ukingo wa mashariki wa milima ya Mitumba aona nchi yenye sakafu mbili. Juu ni vilima vya baridi, vyenye udongo mzuri wa maharagwe, ulezi na ndizi. Chini ni bonde la joto, nao mto Semliki wapita humo ukitoka ziwa Edward kwenda ziwa Albert. Ng'ambo yake husimama Ruwenzori, mlima wenye barafu. Upande wa magharibi, nyuma ya mgongo wetu, ni msitu mkubwa unaoelekea Ituri.

Katika nchi hiyo wanakaa Bayira, ambao upande wa Kongo huitwa Banande, na upande wa Uganda huitwa Bakonzo. Mapokeo ya wazee husema kwamba wengi wa mababu walitoka mashariki, wakavuka Semliki, wakapanda milimani kidogo kidogo, ukoo kwa ukoo. Hawakuja siku moja kama jeshi. Walikuja kama wakulima: huyu alifyeka bonde hili, yule alifyeka kilima kile, na msitu ukarudi nyuma mbele ya shoka.

Hata leo majina ya utawala yanakumbusha mgawanyo wa kale. Katika wilaya ya Beni kuna sheferi za Bashu na Watalinga, na sekta za Beni-Mbau na Ruwenzori. Katika Lubero kuna sheferi za Baswagha, Batangi na Bamate, na sekta ya Bapere. Msomaji aone jambo moja: hakuna jina la ufalme mmoja juu ya haya yote. Bunyoro ilikuwa na mfalme mmoja, Buganda mmoja, Rwanda mmoja. Bayira hawakuwa na mmoja. Kwa nini?

MWAMI NA NDUGU ZAKE

Jibu limo katika nyumba ya mwami mwenyewe. Mwami alipokuwa na wana wengi, kiti kilikuwa kimoja tu. Mrithi alitazamiwa kutoka kwa mke wa heshima aliyeitwa mombo, ambaye alichaguliwa kwa shauri la wakuu, wala si kwa mapenzi ya mwami peke yake. Ndugu mkubwa aliyezaliwa na mke mwingine hakurithi, bali aliitwa Shamwami, yaani kama baba wa mwami. Ndugu mwingine aliitwa Ngabwe, naye alikuwa mkono wa mwami katika kazi na katika hatari. Waona hekima ya wazee: kila ndugu aliyeweza kuwa adui alipewa jina, heshima na wajibu, apate sababu ya kulinda kiti asichokalia.

Lakini hekima hiyo haikutosha siku zote. Ndugu asiyeridhika hakulazimika kumwua mwenzake. Alichukua watu wake, mbegu na shoka, akaenda kufungua kilima kipya. Huko alikuwa mkubwa wa kilima chake, akikumbuka undugu na nyumba ya kwanza, akipeleka heshima yake wakati wa matambiko, lakini mambo ya kila siku akiyaamua mwenyewe. Mjukuu wake akasahau nusu ya heshima ile, na kitukuu akaisahau yote. Ndivyo vilima vilivyozaa wami wengi. Msitu ulipokuwa ungali wazi, ugomvi wa ndugu ulimalizika kwa safari zaidi kuliko kwa mkuki.

Na mtu wa kawaida je? Alipotaka shamba alikwenda kwa mwenye kilima, akaonyeshwa mahali. Kila mwaka, baada ya mavuno, alipeleka muhako, yaani kodi ya heshima: mbuzi, au kuku, au pombe ya ndizi, kwa desturi ya mahali. Mwenye kilima naye alipeleka sehemu kwa mkubwa wake. Hapo msomaji atasema, "Huu si ule ule ukabaila wa Ulaya?" Wafanana kweli, lakini kuna tofauti moja kubwa. Mkulima wa Ulaya mara nyingi alifungwa katika shamba la bwana, asiweze kuondoka bila ruhusa. Mkulima wa vilima vyetu alikuwa na miguu. Mwami akimwonea, alihama usiku na jamaa yake, na kilima cha pili kilimpokea kwa furaha, maana mwenye kilima bila watu ni mwenye nyasi tu.

Kwa hiyo mwami alihitaji wasaidizi wengi zaidi ya wenye mikuki. Alihitaji wazee wa koo zilizofyeka msitu kwanza, kwa maana hao ndio waliojua matambiko ya udongo ule. Alihitaji waganga wa mvua. Alihitaji wajomba, yaani koo alikooa. Mvua iliponyesha na mavuno yakawa mema, watu walisema mwami ameishika nchi vizuri. Jua lilipokausha maharagwe miaka miwili mfululizo, walianza kunong'ona kwamba nchi imefunguka, na macho yao yakageuka kumtazama ndugu yake wa kilima cha pili. Basi wazee wale wa koo na waganga wale wa mvua nao waligeuka, na mwami akabaki peke yake kabla mkuki mmoja haujatupwa. Wengi walipoteza utawala kwa njaa kuliko walioupoteza kwa vita.

CHUMVI, NDOA NA URAFIKI

Wami wa vilima waliishi kwa mapatano. Nguvu ya kwanza ya mapatano ilikuwa ndoa. Binti wa mwami alipoolewa kilima cha pili, mtoto wake alikuwa mpwa wa huku na mwana wa kule. Vita ikitokea, yeye alikuwa na haki ya kupita kati bila kuguswa, na mara nyingi yeye ndiye aliyepeleka maneno ya amani.

Nguvu ya pili ilikuwa biashara, na hasa chumvi. Milimani hakuna chumvi nzuri. Chumvi iko Katwe, penye ziwa dogo la magadi karibu na ziwa Edward, upande ambao leo ni Uganda. Watu wa vilima waliteremka na maharagwe na mazao mengine, wakavuka bonde au ziwa, wakarudi na chumvi. Safari hiyo ilipita katika nchi za watu wengi, na mtu asiye na rafiki njiani hakufika. Kwa hiyo kila njia ya chumvi ilikuwa pia njia ya undugu na viapo. Biashara ambayo Butembo inasifiwa kwayo leo haikuanza na malori. Ilianza kichwani mwa mtu aliyebeba mzigo wa chumvi akipanda Mitumba.

Lakini kitu chenye faida kubwa huvuta wenye nguvu. Aliyeshika Katwe alishika chakula cha nchi zote za pande zile. Ndipo tunafika kwenye vita kubwa za bondeni.

VITA VYA BONDENI

Yapata mwaka 1830, Kaboyo, mwana wa mfalme wa Bunyoro, aliiasi nchi ya baba yake, akajifanyia ufalme wa Toro chini ya Ruwenzori. Bunyoro haikusahau. Mwaka 1870 hivi alitawala Kabalega, mfalme hodari kuliko wote waliomtangulia. Aliunda jeshi la kudumu lililoitwa abarusura, lenye bunduki, naye akairudisha Toro chini yake, pamoja na chumvi ya Katwe. Abarusura walifika mpaka bonde la Semliki, wakiteka ng'ombe na watu. Stanley alipopita bondeni mwaka 1889, akimsindikiza Emin Pasha kwenda pwani, alipigana nao.

Wakati huo huo, kutoka msituni upande wa magharibi, walikuja wawindaji wa pembe, Wamanyema na Waungwana, watu wa wafanya biashara waliotoka pwani ya Waswahili. Nao walikuwa na bunduki, nao waliteka watu. Basi wami wa vilima walijikuta kati ya mawe mawili ya kusagia. Wengine walikimbilia juu zaidi. Wengine walifanya urafiki na wenye bunduki ili wamshinde ndugu wa kilima cha pili. Urafiki wa namna hiyo ulionekana mtamu mwanzoni. Lakini aliyemwita simba amwue fisi alikaa na simba mlangoni. Baada ya fisi kufa, simba alikuwa bado ana njaa.

Mfano mkubwa wa jambo hili ni Kasagama wa Toro. Kijana huyu wa nyumba ya kifalme alikuwa amekimbilia Buganda kwa hofu ya Kabalega. Mwaka 1891 Kapteni Lugard, mtu wa Kampani ya Kiingereza, alimkuta huko, akamchukua, akawafukuza abarusura kutoka Katwe, akajenga hapo ngome aliyoiita Fort George, na akamkalisha Kasagama juu ya kiti cha Toro. Kwa mapatano yao, Kasagama alipata ufalme na Kampani ikapata nchi. Ili kulinda mambo hayo, Lugard aliacha katika ngome askari wa Kisudani waliokuwa zamani wa Emin Pasha. Askari hao hawakupewa posho ya kutosha, nao wakaishi kwa kuwanyang'anya wakulima wale wale waliopaswa kuwalinda. Mwaka 1893 askari hao waliondolewa, na mara Kabalega akarudi, na Kasagama akakimbilia milima ya Ruwenzori. Alirudishwa tena Waingereza walipoanza vita na Bunyoro.

Na tazameni jinsi mapatano yanavyogeuka. Katika vita hiyo Baganda walipigana upande wa Waingereza dhidi ya Kabalega. Lakini mwaka 1897 Mwanga, kabaka wao, naye aliwaasi Waingereza, na mwishowe akajiunga na Kabalega, adui wa zamani. Wote wawili walikamatwa pamoja tarehe 9 Aprili 1899, wakapelekwa katika visiwa vya Seychelles. Mwanga alifia huko mwaka 1903. Kabalega aliruhusiwa kurudi mwaka 1923, mzee sana, lakini alifia njiani, Jinja, kabla ya kuona nchi yake.

Upande wetu pia hapakuwa na raha. Mwaka 1897 askari wa msafara wa Dhanis, waliotumwa na Dola Huru ya Kongo kuelekea mto Nile, waliasi wakawaua maofisa wao, na makundi yao yakateremka kusini yakipigana na kuteka chakula. Kabla ya hapo sotoka ilikuwa imeua ng'ombe wa nchi nyingi za Afrika ya Mashariki, na magonjwa mengine yakafuata. Wapiganapo tembo, nyasi huumia. Na nyasi za bonde la Semliki ziliumia kweli.

MSTARI NA MEDALI

Ndipo mchezo ukabadilika kabisa, kwa sababu waliokuja walicheza kwa kalamu. Mwaka 1894 Waingereza na Mfalme Leopold walipatana juu ya mpaka kwa kufuata mstari ambao hakuna mtu hapa aliyeuona. Mwaka 1910, kule Brussels, Waingereza na Wabelgiji waliurekebisha, na sehemu ya mpaka ikapita juu ya vilele vya Ruwenzori. Bayira wa huku na Bakonzo wa kule, wenye lugha moja na mababu wamoja, wakawa watu wa nchi mbili. Chumvi ya Katwe ikabaki ng'ambo.

Mwaka huo huo wa 1910 ilitoka sheria ya Wabelgiji juu ya masultani, kisha nyingine mwaka 1933. Serikali ilitaka vilima vingi viwe na sultani mmoja, ili kodi ikusanywe kwa urahisi. Aliyekubaliwa alivikwa medali. Pengine alikuwa mwami wa kweli. Pengine alikuwa ndugu aliyejua kusema na Wazungu mapema. Tusiwalaumu wote, maana wengine walisimama kati ya serikali na watu wao wakapigwa na pande zote mbili. Lakini tuone lililopotea. Zamani mwami mbaya aliachwa na watu, waganga na wajomba. Sasa mwami mwenye medali hakuachwa na mtu, kwa maana nyuma yake walisimama askari. Njaa haikuweza tena kumwondoa.

Na miguu ya mkulima nayo ilifungwa. Mwaka 1925 ilianzishwa hifadhi ya wanyama iliyoitwa Albert, ambayo leo ni Virunga, nayo ikapanuliwa hasa mwaka 1929 na 1935, hata ikachukua sehemu kubwa ya bonde. Ugonjwa wa malale nao uliwaondoa watu Semliki. Vilima vya juu vikajaa. Desturi ya muhako haikubadilika jina, lakini ilibadilika moyo. Mtu aliyepeleka mbuzi kwa mwenye kilima huku akijua aweza kuhama, alitoa heshima. Mtu apelekaye mbuzi huku akijua hana pa kwenda, hulipa kwa woga. Tena mwaka 1973 sheria ya nchi ilisema udongo wote ni wa Dola, ikaahidi kwamba ardhi za desturi zitapewa amri yake maalumu. Amri hiyo ilingojewa miaka na miaka. Katika pengo hilo aliyekuwa na fedha alipata karatasi, na aliyekuwa na shamba la babu yake alibaki na neno la mdomo tu.

AMANI YA MUNGU

Mtu aweza kuuliza: Je, zamani zile hakuna aliyesimama kuwazuia wakubwa? Walikuwako. Ulaya, mwaka 989, maaskofu walikutana Charroux, nchi ya Ufaransa, wakatangaza laana juu ya mtu yeyote atakayevunja kanisa, au kumnyang'anya mkulima maskini ng'ombe wake, au kumpiga padre asiye na silaha. Waliuita mpango huo Amani ya Mungu. Mwaka 1027, kule Toulouges, walikata shauri jingine: tangu Jumamosi alasiri mpaka Jumatatu asubuhi mtu yeyote asimshambulie adui yake. Baadaye siku ziliongezwa. Je, vita zilikwisha? Hazikwisha. Wakubwa wengi waliapa Jumapili wakaua Jumanne. Lakini mkulima alipata siku za kuvuna, na jambo moja liliandikwa katika mioyo ya watu: kwamba kuna wasioguswa hata vitani.

Na katika vilima vyetu mpwa aliyepita kati ya koo mbili alifanya kazi iyo hiyo.

Tena tusiende mbali. Wakumbuka wengi wenu miaka ya vita iliyoanza mwaka 1998, wakati nchi yetu iligawanyika kama ramani ya simu ile. Beni ilikuwa makao ya kundi moja la RCD, Goma makao ya jingine. Majeshi ya jirani yalikuwa huku na huku. Viongozi waliapa asubuhi wakaachana jioni. Katika siku hizo, mwishoni mwa Februari na mwanzo wa Machi 2001, Butembo ilipokea mkutano wa amani. Waitalia wengi, watu wa kawaida wasio na silaha, walivuka mpaka wa Uganda wakaja kulala katika nyumba zetu, wakaketi pamoja na Askofu Melkisedeki Sikuli Paluku, na wakristo wa madhehebu mengine, na wakubwa wa makundi yenyewe. Hawakumaliza vita. Lakini kwa siku chache wenye bunduki walilazimika kukaa wakisikiliza akina mama.

TUJIFUNZE NINI?

Sasa tumwambie nini kijana wetu wa simu? Hatumkatazi mchezo wake. Twamwomba atazame mambo matatu.

La kwanza: katika mchezo, mkulima haonekani. Kuna ngome, kuna mfalme, kuna hesabu ya askari. Katika historia ya vilima vyetu mkulima ndiye aliyeamua. Kwa shoka alifanya nchi, na kwa miguu yake aliwahukumu wami. Leo miguu hiyo ina pa kwenda pachache. Vijana wengi wa vilima vilivyojaa walishuka kutafuta mashamba katika msitu wa upande wa Mbau, Oicha na Eringeti; na tangu Oktoba 2014 ni huko huko wakulima walianza kuuawa kwa mapanga na wauaji wa msituni, na maelfu wamekwisha kufa. Anayesema habari za ardhi si jambo la roho na uhai, na aende akasome majina juu ya misalaba ya huko.

La pili: kumwita mgeni mwenye nguvu amalize ugomvi wa ndugu hakujawahi kuwa na bei ndogo. Wami waliowaita wenye bunduki walilipa. Kasagama alilipa. Walioyaita majeshi ya jirani katika siku zetu walilipa, na sisi sote pamoja nao.

La tatu, na ndilo kubwa: kiapo. Yule kijana alianguka katika mchezo kwa sababu alivunja neno lake, na watumishi wake wakajua neno lake si kitu. Ndivyo walivyoanguka wengi wa kweli. Babu zetu hawakuwa na hati wala mhuri. Walikuwa na mbuzi, pombe, shahidi na neno. Shamba lilipita mikononi mwa vizazi vinne kwa neno tu, na likawa salama. Leo tuna mihuri mingi, na mashamba yanaibiwa.

Basi ninyi mlio na wazee nyumbani, waulizeni kabla hawajalala: kilima chetu kilifunguliwa na nani? Mpaka wetu ni mti gani, kijito gani? Muhako ulipelekwa kwa nani, na nani alishuhudia? Andikeni majibu katika daftari, watieni sahihi mashahidi wa pande zote mbili, na jirani apewe nakala. Kazi hiyo ni ndogo, haina ngome wala farasi. Lakini siku ya ugomvi daftari hilo laweza kuzuia mapanga.

Tuliporudi Jumapili iliyofuata, yule kijana alikuwa ameketi pale pale ukutani. Alitusalimu, akasema, "Mzee, nimemwuliza sokulu. Amesema kilima chetu kilifyekwa na mtu aliyegombana na kaka yake." Tukamwuliza, "Na kaka yake alikaa wapi?" Akaelekeza kidole ng'ambo ya bonde, kwenye kilima cha pili, ambako moshi wa jioni ulikuwa unapanda. "Kule," akasema. "Lakini hatusemezani nao."

Tukamwambia, "Basi, anzia hapo."